Biskuti za Machungwa Hadi Ukingo wa Ngorongoro

Leo nakualika tusafiri pamoja. Tutapanda kutoka Mto wa Mbu hadi Karatu. Kisha tutapanda tena hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mkononi tumebeba debe la biskuti. Ndani ya kila biskuti kuna jemu ya machungwa na limau. Juu yake kuna sukari iliyoyeyushwa motoni mpaka ikawa na rangi ya asali. Ukiiuma, inalia kach!

Biskuti hizi zimenifundisha jambo kubwa. Nina cheti cha kilimo, na nimefanya kazi ya ugani kwa karibu miaka 20. Hata hivyo nilikosea mara mbili, na mara zote mbili nilisahihishwa na akina mama. Jambo nililojifunza ni hili: kila mahali pana kipimo chake.

NCHI INAYOPANDA

Tuanze Mto wa Mbu. Mji huu uko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Manyara. Hapa tuko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kuna joto. Ndizi ziko kila upande wa barabara, nazo nyekundu zinasifiwa na kila msafiri.

Kutoka hapo gari linapanda kona kwa kona. Mibuyu inabaki nyuma. Ukifika juu unaona ziwa likimetameta mbali chini. Upepo nao unabadilika. Unapita Rhotia, kisha unafika Karatu mjini. Hapa tuko kama mita 1,500. Asubuhi utahitaji sweta.

Karatu ni nchi ya udongo mwekundu. Wenyeji wengi ni Wairaqw, watu hodari wa kulima na kufuga. Wanalima ngano, mahindi, maharage, mbaazi na ngwara. Upande wa Oldeani kuna mashamba ya kahawa. Ukishuka hadi Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, utakuta vitunguu vinavyomwagiliwa kwa maji ya chemchemi.

Kwenye nyua za watu wengi utaona pia mlimao mmoja, na pengine mchungwa. Miti hii haitunzwi sana. Lakini ikizaa, inazaa kwa pamoja. Kuna miezi limau linatafutwa na halipatikani. Kuna miezi mingine malimau yanaoza chini ya mti na watoto wanayapiga mateke.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini machungwa ya Muheza yanaweza kuwa matamu na bado ganda lake ni la kijani? Ni kwa sababu ya joto la pwani. Ganda la chungwa hugeuka rangi vizuri pale usiku unapokuwa na baridi. Kwa hiyo chungwa la Karatu huweza kuwa la manjano kwa nje na bado likawa chachu ndani. Rangi ya ganda peke yake si kipimo cha utamu.

KOSA LANGU LA KWANZA

Kilikuwepo kikundi cha akina mama 12 nilichokitembelea mara kwa mara. Walikuwa wakilima mboga na kufuga kuku. Siku moja nikawaona wanakusanya malimau yaliyooza ili wayatupe kwenye shimo la mboji. Nikawaambia, "Akina mama, hii ni fedha mnaitupa. Tutengeneze jemu, tuitie ndani ya biskuti, tuuze siku ya mnada."

Walikubali. Nilikuwa na maelezo ya kuoka niliyopewa na mwenzangu anayefanya kazi Tanga. Niliyanakili kwenye daftari neno kwa neno. Akina mama wakachanga fedha. Wakanunua unga wa ngano, sukari na beking pauda. Samli wakanunua kwa mama mmoja wa Kimaasai, ambaye huteremka kutoka Ngorongoro kuja kuuza Karatu.

Tulipika biskuti zote siku moja. Mimi ndiye niliyesema tusipoteze muda.

Biskuti zilivimba haraka kama maandazi. Kisha zikabonyea katikati. Jemu ikatoka pembeni, ikaungua. Tulizotoa mapema zilikuwa mbichi. Tulizochelewesha zilikuwa ngumu kama kigae. Hakuna hata moja iliyofaa kuuzwa.

Mama mwenyekiti alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Bwana Shamba, ni wewe uliyetufundisha kwamba mbegu ngeni hujaribiwa kwanza kwenye kipande kidogo. Mbona mbegu hii ya Tanga umeipanda shamba zima?"

Sikuwa na jibu. Mchango ule ulikuwa fedha ya mayai ya miezi miwili. Nililipa unga na sukari kutoka kwenye mshahara wangu. Halafu nikaenda kutafuta sababu.

KWA NINI BISKUTI ZILIHARIBIKA?

Sababu ni kimo cha nchi.

Hewa ina uzito. Pwani, hewa inayotukandamiza ni nyingi. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua na mkandamizo unapungua. Ndiyo maana maji huchemka kwa nyuzi 100 huko Tanga, lakini Karatu huchemka kwa nyuzi kama 95. Ukingoni mwa Ngorongoro, kwenye mita kama 2,300, huchemka kwa nyuzi kama 92.

Akina mama wanalijua jambo hili bila kipimajoto. Waulize waliohama kutoka Mto wa Mbu kuja Karatu. Watakuambia kwamba maharage yale yale yanakula kuni nyingi zaidi huku juu. Maji yanachemka, ndiyo, lakini moto wake ni mdogo.

Sasa tazama beking pauda. Kazi yake ni kutoa hewa ndani ya donge ili liumuke. Mahali ambapo mkandamizo ni mdogo, hewa hiyo inatanuka zaidi. Kijiko kinachotosha Tanga kinazidi Karatu. Donge linavimba kupita kiasi kabla halijaiva, kisha linaanguka. Pia maji hukauka upesi zaidi kwenye nchi ya juu.

Kwa hiyo tulijaribu tena, safari hii kwa unga wa kikombe kimoja tu. Tulipunguza beking pauda. Tukaongeza unga kidogo na maziwa kidogo. Mara ya tatu zikakubali.

UNACHOHITAJI

Kwa biskuti kama 25, kipimo chetu cha Karatu ni hiki:

Donge:
- unga wa ngano vikombe 3
- sukari nusu kikombe
- samli au siagi robo tatu ya kikombe
- yai 1
- maziwa vijiko vikubwa 4 au 5
- beking pauda robo tatu ya kijiko cha chai
- chumvi kidogo sana

Jemu:
- machungwa 3 na limau 1
- sukari kikombe 1

Sukari ya juu:
- sukari kikombe 1

Usitumie magadi badala ya beking pauda. Najua magadi yanapatikana kwa urahisi kwetu. Lakini huweza kuwa na madini mengi ya floraidi. Floraidi ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na maji ya sehemu nyingi za kaskazini tayari yanayo. Tusiwaongezee watoto mzigo.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Jemu. Osha matunda. Menya maganda ya machungwa mawili, uyakate nyembamba kama kisamvu. Yachemshe, umwage maji. Rudia mara moja tena ili uchungu utoke, na uyachemshe mpaka yalainike. Kamua matunda yote. Mbegu zifunge kwenye kitambaa safi na uzitie sufuriani pamoja na maji ya matunda. Mbegu za machungwa zina kitu kinachosaidia jemu kushikana. Tia maganda na sukari. Chemsha huku ukikoroga.

Utajuaje kwamba imeiva? Weka kisahani kwenye maji baridi, kisha ukifute. Dondoshea tone la jemu. Ngoja kidogo, ulisukume kwa kidole. Likikunjamana, jemu imeiva. Toa kitambaa cha mbegu. Kipimo hiki kinafaa Tanga na kinafaa Karatu, kwa sababu kinatazama jemu yenyewe. Iache ipoe kabisa.

2. Donge. Changanya unga, beking pauda na chumvi. Tia sukari na samli, usugue kwa vidole mpaka iwe kama mchanga. Tia yai na maziwa. Kanda kidogo tu. Biskuti haikandwi kama chapati, maana ikikandwa sana inakuwa ngumu.

3. Kujaza. Sukuma donge liwe nene kidogo kuliko chapati. Kata miviringo kwa mdomo wa glasi. Weka jemu nusu kijiko cha chai katikati ya mviringo mmoja. Funika kwa mwingine. Bana pembeni kwa uma. Usiwe na tamaa ya kujaza jemu nyingi, itapasuka.

4. Kuoka. Chukua sufuria kubwa nzito. Tandaza mchanga mkavu na safi chini. Funika, upashe moto kwa dakika 10. Panga biskuti kwenye bati lililopakwa samli, uliweke juu ya mchanga. Funika kwa kifuniko bapa cha chuma, kisha weka makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika 15 chungulia. Zikiwa na rangi ya mkate na chini yake zimekauka, toa. Zikiwa bado, ongeza dakika 5.

5. Sukari ya juu. Weka sukari kavu kwenye sufuria nene juu ya moto mdogo. Usitie maji. Ianze kuyeyuka pembeni, kisha tikisa sufuria taratibu. Ikifika rangi ya asali, ipua mara moja. Ukiiacha ifike rangi ya kahawa, itakuwa chungu. Mimina kijiko kidogo juu ya kila biskuti. Fanya haraka, maana inaganda upesi.

Hapa akina mama walinishinda. Mimi nilikuwa naogopa. Lakini mmoja wao alikulia pwani, na alipika kashata tangu utotoni. Alitazama sufuria akasema, "Sasa." Akaipua. Ilikuwa sawasawa. Sukari kavu haina maji ya kuchemka, kwa hiyo kimo cha nchi hakiibadilishi kama kinavyobadilisha maharage. Jicho la mpika kashata linafaa kote.

TAHADHARI: Sukari iliyoyeyuka ina moto mkali kuliko maji yanayochemka, tena inanata kwenye ngozi. Weka watoto mbali. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake samli wala dawa ya meno. Kama jeraha ni kubwa, nenda zahanati.

SAFARI YA UKINGONI

Biskuti zikapata jina. Waliozinunua kwanza ni madereva na walimu. Kisha yule mama wa Kimaasai anayetuuzia samli alizionja. Alikaa akitafuna. Akasema, "Mjukuu wangu anamaliza darasa la saba. Nataka hizi kwenye mahafali. Mtaleta?"

Mwenyekiti akajibu, "Yeyo, tutaleta."

Siku hiyo tuliondoka Karatu alfajiri. Barabara inapita kati ya mashamba, kisha mashamba yanakoma ghafla. Unafika lango la Lodoare. Kuanzia hapo ni msitu. Miti mirefu imevaa ndevu za kijivu. Barabara inapinda na kupinda, na kila kona baridi inazidi.

Ndugu msomaji, elewa mpaka huo. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, ili wanyamapori na wafugaji wawemo pamoja. Mwaka 1979 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sheria ya mwaka 1975 ilipiga marufuku kilimo ndani yake. Mwaka 1992 wakazi waliruhusiwa kulima vishamba kwa muda, baadaye katazo likarudi. Kwa hiyo mahindi na unga huwabidi kununua, na mwingi unatoka Karatu. Mfugaji anauza mbuzi au samli, ananunua gunia. Sisi wa Karatu tunakula samli yao. Wao wanakula nafaka yetu. Biskuti ile ilikuwa na vyote viwili.

Tulisimama mahali wageni wanaposimama kutazama kreta. Siku ya anga safi utaona bonde la duara, kama mita 600 chini yako. Hapo zamani sana palikuwa na mlima wa moto, na kilele chake kikadidimia. Chini kuna nyumbu, pundamilia, tembo na faru weusi wachache. Kuna ziwa la magadi linalong'aa.

Siku hiyo hatukuona chochote. Ukungu ulikuwa mzito. Matone yalining'inia kwenye nyusi zetu.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Mimi nilibeba biskuti zilizokwisha kumiminiwa sukari kwenye sinia, nimezifunika kwa kitambaa tu, nikitaka zipendeze. Sukari huvuta maji kutoka hewani. Tulipofika bomani nilifunua kitambaa. Ile sukari iliyokuwa inalia kach ilikuwa imelainika na kunata. Biskuti zimeshikana na kitambaa.

Nilitaka kujificha. Watoto 40 walikuwa wamevaa sare safi. Wazazi wao walikuwa wamekwisha lipa.

Mwenyekiti hakusema neno. Alifungua debe lake. Kumbe alibeba nusu ya biskuti bila sukari ya juu, ndani ya debe lililozibwa vizuri. Pembeni alikuwa na kilo moja ya sukari na sufuria. Akaniambia, "Bwana Shamba, mahali pageni nilitaka tujaribu njia mbili."

Yeyo alituweka kwenye jiko lake. Kuni zilikuwa za mti uliokauka na kuanguka, kwa kuwa kukata mti mbichi humo ni marufuku. Yule mpika kashata akayeyusha sukari. Tukamimina biskuti moja baada ya nyingine, na watoto wakazipokea zikiwa zimetoka tu kuganda. Kach! Kach! Darasa zima lilikuwa linalia kach. Zile zilizonata walizimaliza wadogo zao, wakalamba na vidole.

Baadaye tulirudi kwa Yeyo tukaoka huko huko. Kipimo cha Karatu hakikufaa. Beking pauda ilibidi iwe nusu kijiko tu, na maziwa yaongezwe kijiko kimoja. Lakini safari hiyo tulijaribu kwanza kwa kikombe kimoja cha unga.

UKITAKA KUANZA

Anza na biskuti kumi. Mahali pako pakiwa tambarare ya joto, tumia kijiko kimoja kizima cha beking pauda. Pakiwa na kimo cha Karatu, robo tatu. Pakiwa na baridi ya ukingoni, nusu. Andika kwenye daftari ulichotia na kilichotokea.

Andika pia hesabu. Upande mmoja andika unga, sukari, samli, mayai, mkaa na nauli. Upande wa pili andika mauzo. Usisahau mkaa. Wengi wanausahau, kisha wanashangaa faida imekwenda wapi. Malimau ya uani hayana bei, lakini kazi ya mikono yako ina thamani. Iandike.

Mwisho, utunze mti wako. Upalilie, uuwekee samadi, ukate matawi makavu. Mwaka huu usiache malimau yaoze chini.

Nami sasa, kila ninapopewa maelezo mapya ya kilimo, ya mifugo au ya jikoni, nasikia sauti ya yule mama: umejaribu kwenye kipande kidogo?

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini biskuti za kwanza zilivimba na kuanguka?
2. Kwa nini sukari ya juu ilinata kule ukingoni?
3. Nani alikuwa mwalimu katika habari hii, Bwana Shamba au mwenyekiti? Eleza.
4. Kijijini kwenu kuna tunda gani linalooza bure? Mnaweza kulitumia vipi?